Udongo wa Mti Namba Moja

Iko nchi moja ndefu na nyembamba, kama ukanda wa kitambaa uliochanwa pembezoni mwa dunia. Mtu wa huko akijinyoosha vizuri kitandani, miguu yake hugusa bahari na kichwa chake hugusa theluji ya milimani. Jina la nchi hiyo tusilitaje, kwa sababu ni nchi yenye haya na haipendi kusifiwa mbele za watu. Serikali yake ni njema mno. Ina Wizara ya Kuwapenda Watu wa Asili, jengo la ghorofa tisa, na katika ghorofa zote tisa hajawahi kuonekana mtu wa asili hata mmoja, maana mapenzi ya kweli hayahitaji kuonana.

Kusini mwa nchi hiyo, katika bonde la Kuralemu, ilikuwepo nyumba ya mbao iliyoezekwa nyasi, mlango wake ukitazama jua linapochomoza. Humo aliishi Bi Kalfurai, mjane wa miaka sitini na minane, mfumaji wa mablanketi. Alikuwa mmoja wa Watu wa Ardhi, ndivyo wanavyojiita wenyewe tangu kabla nchi hiyo haijapata bendera. Zamani bonde lilikuwa na nyumba kumi na moja. Kisha Kampuni ya mbao ikapanda misonobari pande zote, kwa safu zilizonyooka kama askari kwenye gwaride, na msonobari ni mlevi wa maji. Chemchemi zikakauka. Familia kumi zikafunga mizigo, moja baada ya nyingine. Serikali kwa huruma yake ikawa inamletea Bi Kalfurai maji kwa boza kila Alhamisi, katika nchi ambayo mvua hunyesha miezi minane.

Kwenye ramani, bonde lote la Kuralemu lilipakwa rangi ya kijani, na juu ya kijani hicho pameandikwa: MISONOBARI. HAKUNA WATU. Ramani hiyo ilichorwa na mtaalamu aliyesoma sana, bila kutoka ofisini, kwa kuwa matope ya kusini huharibu viatu. Ilikuwepo pia hati ya zamani, ya enzi za babu yake Bi Kalfurai, yenye muhuri mkubwa kama sahani, iliyosema bonde ni la watu wake milele. Wanasheria waliichunguza kwa heshima wakafafanua kwamba milele ya siku zile ilikuwa fupi kuliko milele ya sasa.

Bi Kalfurai hakujua sheria nyingi. Alijua neno moja tu, nalo alijiambia kila asubuhi alipofungua mlango: "Mimi nikitoka, ramani itakuwa kweli."

*

Kosa lake la kwanza lilikuwa moshi. Mlinzi wa Kampuni aliona moshi ukipanda kutoka mahali pasipo na watu. Moshi wa mahali penye watu ni chai, lakini moshi wa mahali pasipo na watu ni ugaidi. Yakaja magari matano yenye bunduki juu, na askari ishirini na wanne wenye kofia za chuma. Akashuka Koplo Fuentesi, mtu wa makamo mwenye tumbo la kiofisi, akagonga mlango kwa kitako cha bunduki.

Hapo ndipo Bi Kalfurai alipofanya kosa la pili, na hilo ni kosa ambalo wangelifanya Watu wa Ardhi peke yao. Alimsalimia.

Kwao mgeni haulizwi kilichomleta. Huulizwa kwanza hali yake, kisha hali ya watu wake mmoja mmoja, kisha mama yake ni wa bonde gani, na mama wa mama yake vilevile. Mgeni hujibu, naye huuliza. Ndipo kila mmoja ajue amekaa na nani. Kumpokea mtu bila hayo ni kumpokea kama mbwa aliyepotea.

"Wewe ndiye Kalfurai?" Koplo alifoka.

"Hujambo, mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimekuuliza swali, mama!"

"Nimelisikia. Na matope haya, mmefikaje? Mama yako anaendeleaje?"

Koplo alikuwa amejiandaa kwa kurushiwa mawe. Kwa swali hilo hakujiandaa. "Mama... magoti yanamsumbua. Lakini..."

"Pole yake. Ni mvua hiyo. Mwambie achemshe majani ya maki. Yeye ni wa wapi?"

Koplo aligeuka nyuma kutazama gari la Mkuu wa Kikosi, akashusha sauti. "Wa Rukako. Ng'ambo ya mto."

"Rukako! Kwa nani?"

"Kwa akina Wenuman," akanong'ona, maana kwenye kitambulisho chake jina hilo lilikuwa herufi moja tu na nukta.

"Basi bibi yako ni Ankarai! Yule aliyechechemea, akicheka utadhani kuku ametaga. Tumefuma pamoja miaka sita. Ee, wewe ni mjukuu wangu kabisa. Ingia, vua hilo lichuma kichwani. Watoto wangapi? Nani na nani?"

Salamu zilichukua dakika arobaini na saba. Nje, askari ishirini na watatu walisimama kwenye mvua wakilenga mlango. Ndani ya gari, Mkuu wa Kikosi alirekodi kila neno kupitia redio ya kifuani mwa Koplo, na kadiri alivyosikiliza ndivyo nywele zilivyomsimama.

Shitaka lilisomeka hivi: kukusanya taarifa za siri za vikosi vya usalama, yakiwemo majina ya watoto wao, makazi ya mama zao, na udhaifu wa magoti yao.

*

Kesi ilikuwa ya haki. Shahidi mkuu alifichwa nyuma ya pazia, na sauti yake ikapitishwa kwenye mashine ili asitambulike, kwa sababu mshitakiwa alikuwa hatari. Shahidi akaapa, akakohoa mara tatu.

"Bwana Melita wa boza!" alisema Bi Kalfurai kutoka kizimbani. "Kikohozi hicho bado? Na mkeo ameshajifungua?"

"Mtoto wa kike, bibi," mashine ikajibu kwa sauti nzito ya pipa tupu. "Wote wazima."

Likaongezwa shitaka la kutishia shahidi.

Hakimu alikuwa mzee mpole. Alisema Mahakama ina moyo, haiwezi kumpeleka ajuza gerezani. Akamhukumu kifungo cha nyumbani miaka miwili: asitoke nje ya kizingiti hata hatua moja, akitoka atahesabiwa mtoro na atakwenda gerezani. Bi Kalfurai alitabasamu. Kukaa nyumbani ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

Hapo mwanasheria wa Kampuni akasimama, akakohoa kwa adabu, akamkumbusha Mheshimiwa kwamba asubuhi hiyohiyo alitia saini amri nyingine: mtu yeyote asionekane ndani ya bonde la Kuralemu. Atakayeonekana ni mvamizi, na mvamizi ni gerezani.

Hakimu alizitazama amri zake mbili, moja mkono wa kulia na moja mkono wa kushoto.

"Zote ni zangu," alisema kwa upole. "Nazipenda sawasawa, kama wanangu."

"Sasa mheshimiwa," Bi Kalfurai aliuliza, "mimi nisimame wapi?"

"Mahakama, mama, haitoi ushauri."

Koplo Fuentesi, kama adhabu ya kuitikia salamu, alipewa kazi ya kumlinda. Alipewa pia daftari. Kila asubuhi aliandika ukurasa wa kushoto: "Yumo ndani, ni mvamizi." Ukurasa wa kulia aliacha wazi kwa siku atakapotoka, aandike: "Katoka, ni mtoro." Kisha aliketi kizingitini, kitako ndani, miguu nje, akinywa chai ya mfungwa wake na kusikitika.

"Bibi, ningekuwa na pa kukupeleka..."

"Unipeleke wapi, mjukuu wangu? Nikitoka hapa..."

"Najua. Ramani."

*

Mwezi wa tatu wa kifungo akaja Waziri wa Kuwapenda Watu wa Asili mwenyewe, Mheshimiwa Baltasari, kwa helikopta, amevaa blanketi la kufumwa alilozawadiwa na Kampuni. Alikuja na kipaza sauti, kwa sababu kuongea na mtu mmoja bila kipaza sauti ni kama kumdharau.

"Ndugu zangu wa asili!" alianza, akimtazama Bi Kalfurai peke yake. "Serikali imelia! Nimeiona kwa macho yangu ikilia. Tumewashauri sana kuhusu bonde hili. Tangazo la mashauriano tulilibandika langoni mwa Wizara kwa robo saa nzima, na hakuna aliyepinga. Hata hivyo hatulali. Tumetafuta suluhisho, na suluhisho hilo ni wewe."

Akaeleza. Nchi zinazonunua mbao zilikuwa zimeweka sharti: kila shamba la misonobari libakize walau mti mmoja wa asili. Kwa bahati mbaya, Kuralemu mti wa mwisho wa asili ulikuwa umekatwa kimakosa, mara mia tatu na kumi. Nafasi ilikuwa wazi.

"Wewe ni wa asili?" aliuliza Waziri.

"Ndiyo, baba."

"Umesimama hapa miaka mingi?"

"Sitini na minane."

"Ukiondolewa, utakufa?"

"Nadhani nitakufa."

Waziri alimgeukia mtu mwembamba mwenye mkoba, Bwana Misitu wa wilaya. "Sifa zote anazo. Mwandikishe."

Ilikuwa hekima kubwa. Mti ukiwa ndani ya shamba si mvamizi, na tangu dunia iumbwe mti haujawahi kutoroka. Amri mbili za Hakimu zingekaa pamoja kama mapacha. Koplo aliruka kwa furaha. "Kubali, bibi! Unabaki kwako!"

Bi Kalfurai alikwisha kunyoosha kidole gumba kuelekea kwenye wino. Akakishikilia hewani.

"Na bonde litakuwa la nani?"

"La Kampuni," alisema Waziri. "Mti haumiliki ardhi, mama. Ardhi ndiyo inayomiliki mti."

Akakirudisha kidole ndani ya shuka. "Basi nitakuwa nimetoka huku nimekaa. Sitii dole."

Kisha Waziri akacheka kwa upendo mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.

"Tangu lini," alisema, "mti ukatakiwa kutia saini?"

*

Ndivyo Bi Kalfurai alivyokuwa Mti Namba Moja. Kibati cha namba walitaka kukipigilia kwenye shina, kwa mujibu wa kanuni, lakini Koplo aliwasihi mpaka wakakubali kukipigilia mlangoni.

Alhamisi boza halikuja. Mti hunywa mvua. Moto ukapigwa marufuku, maana hakuna hatari kubwa msituni kama mti unaojiwasha wenyewe. Wageni wakakatazwa wasije wakaumiza gome. Bwana Misitu alikuja kila wiki kumpima mzingo kwa futi kamba kifuani, akiwa ametazama pembeni kwa aibu, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye malezi. Umri aliuandika "haujulikani".

"Nimekwambia sitini na minane," alisema Bi Kalfurai.

"Nimesikia, mama. Lakini kwenye fomu umri huhesabiwa kwa kukata."

Usiseme hakuhuzunika. Alifuma gizani bila moto, vidole vimekufa ganzi. Koplo alimletea kwa siri maji ya gari la kutawanyia ghasia, yakamfikia yakinuka mpira. Misonobari ilizunguka nyumba kwa safu zake, na upepo ulipovuma ilitoa sauti moja tu, kama watu wengi wanaokubali jambo.

Kisha ikaja barua nyingine. Wajumbe wa nchi zinazonunua mbao walikuwa wanafika mji mkuu, na walitaka kuuona mti uliohifadhiwa. Barabara ya Kuralemu ilikuwa mbaya, tena ina mitazamo isiyopendeza pande zote. Waziri aliamua mti uende kwao: upandwe kwenye bustani ya Wizara, karibu na bwawa la samaki.

Koplo aliisoma barua mara mbili, akakaa chini. "Bibi, lori linakuja Jumatatu."

Bi Kalfurai hakulia. Alikunja blanketi alilokuwa akifuma, akalikunjua, akalikunja tena. Baada yake nyumba ingebomolewa kabla ya saa sita mchana, na mahali pake pangepandwa mche. Ramani ingelala usingizi mzuri.

*

Lakini serikali njema huwa na kanuni nyingi, na mojawapo, iliyoandikwa zamani na mtu fulani aliyependa sana miti, ilisema: Mti wa asili huhamishwa pamoja na udongo wake wote, kwa kuwa ukitengwa na udongo wake hufa. Bwana Misitu alikuwa mtu wa kanuni. Alifika Jumatatu na lori, vibarua wanane, na fomu yenye swali moja kubwa. Aliinua miwani, akalisoma kwa sauti:

"Udongo wa mti huu unaishia wapi?"

Bi Kalfurai aliacha kufuma. Baba yake alikuwa amekufa akisubiri kuulizwa swali hilo. Babu yake alilisubiri kwenye benchi za ofisi saba. Na sasa lilikuwa limekuja, kwa sababu ya bwawa la samaki.

"Nikuonyeshe," alisema akiinuka. "Mpaka unaanzia kwenye jiwe lile la..."

"Kaa, mama. Mti hautembei." Bwana Misitu aliona haya. "Tutachimba. Udongo wenye dalili za mti huo ni wake. Tukifika pasipo na dalili, ndipo mwisho."

Wakachimba mtaro kuizunguka nyumba, hatua kumi kutoka ukutani. Jembe la kwanza likagonga jiwe la kusagia, limepasuka katikati.

"La nani hili?"

"La mama wa mama yangu. Lilipasuka mwaka wa njaa, akaendelea kusaga kwa kipande."

Bwana Misitu aliandika, akasogeza mtaro hatua ishirini. Wakakuta majivu meusi, mafiga, na kidude cha fedha cha kubania shuka.

"Hapo palikuwa kwa akina Nawelpi," Bi Kalfurai alisema akiwa kizingitini, shingo ameinyoosha. "Binti yao alilia siku tatu kwa ajili ya hicho kibanio. Mpelekeeni, yuko mjini, anafua nguo."

Mtaro ukasogea tena. Safu za misonobari ikabidi zikatwe ili kupisha majembe, na meneja wa Kampuni akaja akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bwana Misitu alimwonyesha kanuni. Vigingi vya nyumba moja vikatokea, kisha vya nyumba ya pili, mpaka ya tano. Vijungu. Mifereji ya maji iliyojengwa kwa mawe. Siku ya nne vibarua waliacha kuchimba kwa nguvu. Walichimba kama mtu anayepapasa mfuko wa mwenziwe. Koplo aliyashika majembe pamoja nao, na kila alichokitoa alikifuta kwa mkono wa shati la serikali.

Siku ya sita walifika kwenye kijito kikavu. Ng'ambo yake misonobari ilisimama safu nne. Bi Kalfurai alipoona wanavuka, alitoka kizingitini. Alitembea. Alipita hatua kumi, hatua ishirini, akaruka mtaro, na Koplo hakulifungua daftari. Alifika safu ya nne, akakaa chini juu ya sindano za misonobari, akaweka kiganja udongoni.

Bwana Misitu alimfuata akiwa na fomu. Hakumkumbusha kwamba mti hautembei. Alivua kofia, kwa kuwa alikwisha kuelewa.

"Nani yuko hapa, mama?"

"Mama yangu. Na huyo pembeni yake ni mume wangu. Na wale, mpaka pale kwenye kichaka, wote. Trekta lilizing'oa alama, lakini mimi nimehesabu safu."

Lori lilikuwa linanguruma nyuma yao. Vibarua walisimama, majembe mabegani, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Mama," alisema Bwana Misitu polepole, "fomu ina visanduku viwili. Cha kwanza, udongo unaishia hapa. Nikikitia alama, tunakupakia sasa hivi. Cha pili, udongo unaendelea." Akafuta miwani. "Nikikitia alama hicho, lazima tuchimbe."

Bi Kalfurai alilitazama lori. Akayatazama majembe. Akatazama chini, mahali kiganja chake kilipokuwa.

"Hauishii hapa," alisema Bi Kalfurai. "Na hapa hapachimbwi."

"Kisanduku hicho hakimo, mama."

"Kitie."

Bwana Misitu alikuwa mtumishi wa serikali kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo hakuwahi kuongeza kitu kwenye fomu, hata nukta. Mvua ikaanza kuidondokea. Kisha akatoa rula kwenye mkoba, akapiga goti kwenye matope, akachora kisanduku cha tatu, pembe zake nne sawasawa, akakitia alama.

Fomu ilipelekwa mji mkuu kwa pikipiki. Ghorofa ya kwanza waliitazama wakaipandisha ya pili, kwa sababu hawakuwa na muhuri wa kisanduku cha tatu. Ghorofa ya pili waliipandisha ya tatu. Wajumbe wa mbao walikuja, wakala samaki wa bwawani, wakaondoka. Mpaka fomu irudi, kanuni yasema, kazi isimame kama ilivyo: lori lisiondoke na lisipakie, majembe yasichimbe na yasiwekwe chini, na mti ubaki pale ulipo, bila kusogea mbele wala nyuma.

Kwa hiyo amekaa safu ya nne, blanketi mabegani, mitaro imejaa maji pande zote. Koplo amemshikia mwavuli. Akichoka, Bwana Misitu humpokea. Habari za jana ni kwamba fomu iko ghorofa ya sita.

Bi Kalfurai huinama mara kwa mara na kusogeza mdomo karibu na ardhi, kama anayemfunika mtu vizuri.

"Lala, mama," husema. "Bado wanaisoma."